Mita Sitini za Kebo Nyembamba

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kapata ujumbe. Ijumaa saa nne asubuhi atapigiwa simu ya usaili: msimamizi wa stoo ya dawa, ajira ya kudumu! Miaka sita amekuwa kibarua. Kasoro moja tu. Nyumba yetu iko bondeni, mtandao hauingii. Ukitaka kuongea na mtu, upande stuli kwenye dirisha la bafuni. Akasema atakwenda kupokelea simu dukani kwa kaka yake, fundi wa madishi. Kwa shemeji! Nikaapa kwamba atakaa mezani kwake, nyumbani kwake, kama mtu mwenye mume. Busta ya kuvuta mtandao nimeshanunua. Imebaki kebo tu, ya kutoka kwenye antena ya paani hadi kwenye mashine. Shemeji kasikia, kanishauri kebo iwe nene, iwe fupi, na vichwa vyake vilingane na midomo ya mashine. Nani alimuuliza?

Jumanne, 4 Machi
Dukani. Muuzaji, mama mmoja wa miwani, aliuliza kutoka paani hadi kwenye mashine ni mita ngapi. Kumi. Nikataka sitini, rola zima. Akiba haiozi. Akanionyesha kebo nene kama kidole, ngumu, haikunjiki. Hiyo ni ya kutoboa ukuta! Nikachagua nyembamba ya televisheni, inayopenya dirishani bila kusumbua nyundo. Akanionya kwamba kebo nyembamba ikiwa ndefu huumeza mtandao njiani, mwishoni yakafika makombo. Nikamwambia nimekuja kununua, sikuja darasani. Akafunga mzigo.

Jumatano, 5 Machi
Vichwa havilingani! Kichwa cha kebo na mdomo wa mashine ni kama mtu na mama mkwe, havitazamani. Nikarudi kwa mama wa miwani, nikanunua adapta. Adapta nayo ikataka adapta yake. Mwisho zikawa tatu, moja nyuma ya nyingine, mkia mrefu kama kiganja. Unaning'inia. Nimeufunga kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza. Mita hamsini zilizobaki nimezizungusha chini ya kitanda. Kukata? Kebo mpya? Nina akili timamu.

Nikawasha. Taa ya kijani! Nikacheza peke yangu sebuleni. Kisha nikatazama simu: hakuna hata kijiti kimoja cha mtandao. Shemeji akaja bila kualikwa, akachungulia chini ya kitanda, akauliza kama huko ndiko tunakoulaza mtandao. Akataka nimpe koleo akate zile hamsini, au akalete kebo yake nene sasa hivi. Nikamshukuru kwa kututembelea. Mlango anaujua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimegundua! Antena iko chini mno. Nimeifunga kwenye bomba refu na kulisimamisha paani. Sasa chini ya kitanda zimebaki arobaini na tatu tu, kwa hiyo zile saba zilikuwa na kazi yake. Alasiri nikampigia mke wangu kutoka barabarani. Alisikia "halo", halafu mlio wa kitu kinachokaangwa. Nikarudi, nikamkuta analia. Akasema kama nimeshindwa niseme sasa, aende kwa kaka yake. Niliumia sana. Lakini kushindwa? Mimi? Nikiziminya zile adapta kwa mikono miwili, vijiti viwili vinatokea. Nikamwambia aondoe wasiwasi, kesho nitaziminya mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne kasoro. Mke wangu mezani, gauni la heshima, vyeti mbele yake. Mimi chini ya meza, nimezibana adapta. Simu ikaita! Wakamwambia ajieleze. Akaanza vizuri, sauti imetulia, hadi nikajawa fahari na machozi yakanitoka. Nikaachia mkono mmoja nijifute. Simu ikakatika.

Hakunilaumu. Alivua viatu, akakimbilia bafuni, akapanda stuli, akawapigia yeye mwenyewe. Nusu saa nzima yuko dirishani, mkono mmoja kwenye nondo, mimi chini nimeshikilia miguu ya stuli. Wakamuuliza kama anaweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Akanitazama pale chini, akawajibu kwamba amezoea.

Jumatatu, 10 Machi
Amepata! Nimembeba, nimemzungusha sebule nzima hadi akaomba ashushwe. Anaanza kesho. Barua inasema stoo iko chini ya ardhi, simu hazishiki, wafanyakazi wawe tayari kupanda ngazi. Ngazi! Basi mchana, yeye akipiga pasi, nimetoka hadi barabarani nikampigia bosi wake mpya. Nimejitambulisha kuwa mtaalamu wa busta, nitafika kesho alfajiri na vifaa vyangu, bure. Akauliza nitatumia kebo ya aina gani. Nikamweleza siri ya kazi: nyembamba, ndefu, na isikatwe kamwe. Amefurahi sana, akauliza nani kanielekeza kwake. Nimemtaja mke wangu, jina kamili. Mwenyewe bado sijamwambia. Nataka siku yake ya kwanza kazini kila mtu ajue yeye ni mke wa nani.