Ubao Mwepesi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe kanipa kazi. Anataka ubao wa kusimama na kupiga kasia. Ana miaka sabini na moja, bega la kulia lilipasuliwa Januari, na Jumanne ya wiki ijayo, sikukuu ya mfalme wa kale hapa Hawaii, anataka aende mwenyewe hadi fungu la mchanga katikati ya ghuba, akaweke shada la maua pale tulipomwaga majivu ya baba mkwe. Mwaka jana Kapono, mdogo wake mke wangu, alimpeleka kwa boti ya injini. Mama alirudi kanuna. Alisema amebebwa kama gunia la mchele.

Sharti lake moja tu: uwe mwepesi. Aunyanyue mwenyewe, autie majini mwenyewe, asimwombe mtu. "Lyle, wewe umekulia kwenye mawimbi. Nichagulie." Mke wangu Puanani karudia: mwepesi, umesikia? Nimesikia.

Sasa niseme kweli, maana hapa hasomi mtu. Kuna ubao pale dukani Kailua. Umefunikwa mbao nyekundu, mrefu, unang'aa kama gitaa. Mwaka wa tatu huu nautamani, na Puanani anakataa kila mwaka. Ni mzito. Mama atashindwa nao. Utakaa gerejini. Ubao ukikaa bila mtu unaharibika, itabidi apatikane mtu.

Mimi ni mtu mbaya. Kesho naenda.

Jumanne, 4 Juni

Binti wa dukani kauliza atakayepanda ni nani. Nikasema ni bibi mmoja. Akanifundisha: kwa mtu mzima chukua mpana, usiyumbe. Mnene, uelee vizuri. Juu uwe laini, akianguka asichubuke. Katikati uwe na mpini. Na uzito usizidi anaoweza kuubeba kwapani kwa mkono mmoja. Kasia nalo jepesi. Nilikubali kila neno. Kisha nikamwonyesha ule wa mbao.

Kauliza huyo bibi ana nguvu kiasi gani. Nikamwambia ni Mhawaii.

Wanaume wawili walinisaidia kuufunga juu ya gari. Nilijiambia ni sababu ya upepo.

Kapono kapiga simu. Eti unaomfaa Mama ni ule wa kujaza upepo: mwepesi, unakunjwa unaingia begini, ukiuangukia ni kama godoro. Yeye anao, tumjaribishe. Nikamwambia mama yake hapandi puto. "Shemeji, wewe unajichagulia mwenyewe." Nikakata simu. Ana dharau huyu kijana!

Jumatano, 5 Juni

Nimeupangusa kwa fulana yangu, nikamwita Mama gerejini. Kaushika katikati, kanyanyua. Ubao ukapanda hadi kwenye kifundo cha mguu. Ukashuka.

"Huu ubao au mlango wa kanisa?"

Moyo uliruka kwa furaha, uso nikaukunja. Nikasema kwa sauti ya msibani kwamba pole sana Mama, basi hata ukae humu humu, mimi nitauangalia. Akanitazama mimi, siyo ubao. Kisha kasema zawadi hairudishwi. Kampigia mchungaji Mahoe aje kuubariki.

Sawa tu. Ubao wenye baraka una hasara gani?

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwisha.

Mtaa mzima umekuja. Nguruwe wa kuchomwa chini ya ardhi, poi, ule uji mzito wa magimbi, bakuli kubwa, viti vya kuazima. Mchungaji kachovya jani la ti, mmea wetu wa baraka, kwenye maji ya bahari, kaunyunyizia ubao, kauliza jina. Mimi poi imejaa mdomoni. Mama kajibu: Enoka.

Jina la marehemu baba mkwe! Watu wakalia. Mimi pia, kwa sababu zangu. Kwetu hapa kitu kikishapewa jina la mzee na kubarikiwa mbele ya majirani, hakiuzwi, hakirudishwi, wala hakanyagi juu yake mtu mwingine. Nikajaribu kujiokoa. Nikasema lakini Mama, si umeuona mzito?

"Enoka mwenyewe alikuwa mzito. Miaka arobaini sikumrudisha dukani."

Kicheko! Mchungaji ndiye aliyecheka zaidi. Kisha Mama katangaza kwamba wa kumbebea ni Lyle. Kesho alfajiri.

Ijumaa, 7 Juni

Nimembeba Enoka kutoka kwenye gari hadi majini. Pale ufukweni walikaa Anti Blossom na Anti Fusae, rafiki zake Mama, kila mmoja na ubao wake. "Tazama mkwe wa mwenzetu!" Anti Blossom kauliza: kijana, ukimaliza hapo, huu wangu unauonaje? Kijana! Nina miaka hamsini na tatu. Lakini anti wa ufukweni humwambii hapana. Ukithubutu, mpaka mama yako kaburini atapata habari. Nikabeba wa Blossom. Nikabeba wa Fusae. Akatokea jirani yake Fusae, simjui hata jina, nikabeba na wake. Nimelipwa keki ya unga wa mchele na tonge la wali na nyama ya kopo. Kapono kapita na pikapu, kapiga honi, kapiga na picha.

Hayo ni ya kucheka. Haya siyo. Mama kasimama juu ya Enoka, kapiga kasia mara mbili tatu, kaanguka. Kushika ubao apande, ukamgeukia, ukampiga bega lile lile. Hakulia. Nilimvuta hadi mchangani. Nyumbani kamwambia Puanani basi, Jumanne ataenda na boti ya Kapono.

"Kama gunia la mchele," kasema. Polepole.

Sikula.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya kanisa nimemwambia Puanani yote. Hakufoka. Bora angefoka. Kasema aliyeumia bega siyo yeye, nikamwambie mwenyewe.

Nilizunguka nyumba kwanza, eti nakagua mabati. Mama alikuwa barazani anatunga maua. Nikasema: Mama, nilikuchagulia mzito makusudi. Nilitaka uushindwe, uwe wangu. Yeye anatunga tu. Kasema anajua tangu Jumatano. Mtu anapangusa zawadi ya mwenzake kwa fulana yake, kisha anaibusu!

Nikasema sikuibusu.

"Nilikuwa dirishani, Lyle."

Ndiyo maana alimwita mchungaji. Jina alilitafuta saa ile ile. Alitaka niubebe mpaka nitubu, mambo yaishe. Hakujua bega ndilo litakalolipa. "Tumekosa wote wawili," kasema. "Wewe zaidi." Kisha kanituma kwa Kapono nikaazime ule wa upepo. Kwa adabu.

Jumatatu, 10 Juni

Kapono kanisimamisha mlangoni. Kataka niseme kwamba puto nalo ni ubao. Nikasema. Hakusikia vizuri, nikarudia. Kamwita mkewe naye aje asikie. Kisha kanipa pampu ya mkono. Ya umeme anayo! Nimeiona rafuni. Nimepiga pampu mpaka nimeona nyota mchana.

Jumanne, 11 Juni

Mama kautia ule ubao kwapani, mkono wa kushoto, kasia kalifunga juu yake, katembea hadi majini. Hakumwomba mtu. Kaanza kwa magoti, kisha mguu mmoja, kisha wa pili. Ukatulia. Anti Blossom kapiga vigelegele, Anti Fusae kamwambia anyamaze, atamwangusha mwenzake. Kapono na boti yake alibaki nyuma mbali, injini kimya.

Mimi nilifuata juu ya Enoka kwa ruhusa maalum: nikae, nisisimame. Miaka mitatu nauota ubao huu, nimeupanda kama mtoto kwenye karai.

Fungu la mchanga, maji magotini. Mama kashuka, kaweka shada, kaongea na mzee wake kidogo. Nilisikia jina langu. Kisha kacheka peke yake. Sikuuliza. Machozi yalinitoka, lakini nilikuwa nimelowa tayari, hakuna aliyeona.

Naapa: sitamdanganya tena mtu mzima kuhusu ubao. Maisha yangu yote.

Alhamisi, 13 Juni

Bega la Mama linaendelea vizuri. Kapono kamwachia ule wa upepo moja kwa moja. Enoka kaning'inizwa gerejini, namtazama tu.

Jioni kaja Anti Fusae. Wake umemchosha, anataka mwepesi kama wa Mama. Kasema mimi niliyebeba za watu wote najua uzito kuliko yeyote, nimchagulie. Nikakumbuka kiapo. Nilikikumbuka vizuri kabisa.

Lakini pale Kailua wameleta mwingine, wa mbao nyeusi, una milia. Siyo mzito sana, ukiwa na nguvu. Nimemwambia Anti asihangaike, aniachie mimi. Mume wake yu hai, anacheza gofu kila Jumamosi. Jina la marehemu la kuupa hana.