Injini ya Marehemu Baba Haivuji Tena

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu kaamua. Gari la marehemu baba lisipotoka uani kwa nguvu zake lenyewe kufikia Jumamosi, kaka yake anakuja kulivuta, na pale lilipo yeye mke wangu atajenga banda la cherehani zake. Miaka minne linavuja oili, anasema, hata kuku hawapiti chini yake. Shemeji huyo ni fundi magari. Alisimama pembeni akitikisa kichwa, kisha akasema nimwachie yeye, siku mbili tu. Nimwachie! Baba alinifundishia kuendesha gari hilohilo. Nikaapa mbele yao kwamba injini nitaifungua na kuifunga mwenyewe, na haitadondosha hata tone. Shemeji alicheka. Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimetoa kila kitu garini nikakitupia kwenye karai: jeki, matambara, makaratasi. Mtu makini huanza na usafi.

Jumanne, 4 Juni
Injini imeshuka! Imetua juu ya beseni la kufulia. Beseni hatunalo tena.

Boliti zote nimezitia kwenye sufuria moja. Shemeji kapita, eti kusalimia, akashauri nizitenge kwa mafungu na kuziandika. Nikamjibu kwamba kichwa changu ni daftari tosha. Roho inamuuma tu.

Mke wangu kakusanya karatasi zake muhimu, kazitia kwenye bahasha ya buluu kabatini, kwa sababu ya mikono yangu yenye oili. Akauliza zangu ziko wapi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, zangu ziko garini siku zote.

Jumatano, 5 Juni
Ringi mpya za pistoni zimeingia. Moja ilivunjika. Nimerudisha ya zamani, ina uzoefu. Sili zote za kuzuia oili zimekaa, isipokuwa moja niliyoiweka kinyumenyume, nikaigeuza, nikaanza kutilia shaka, nikaigeuza tena.

Kilichobaki ni gasketi, kile kizibo chembamba cha kuzuia oili isivuje kwenye kava ya tapeti, ule mfuniko wa juu kabisa wa injini. Ya zamani imekuwa unga. Mpya inapatikana kwa Shemeji tu. Siendi! Baba alikuwa akikata gasketi mwenyewe, kwa karatasi ngumu. Nimepekua karai nikapata moja nzuri ajabu, pana, ngumu, imekunjwa vizuri. Nimeitandaza juu ya kava, nikagonga ukingoni kwa nyundo mpaka ikatoa umbo, nikamalizia kwa mkasi wa mke wangu wa kukatia vitambaa. Silikoni juu, silikoni chini. Baba angejivuna.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu kauona mkasi. Leo siandiki.

Ijumaa, 7 Juni
Wanaume sita, mnyororo mmoja, injini imerudi mahali pake. Zimebaki boliti mbili kwenye sufuria. Waliounda gari hili walipenda kuweka vitu vya ziada.

Imewaka! Nimechungulia chini: pakavu. Nimekaa, nimesimama, nimechungulia tena. Chai imepoa. Nimechungulia mara ishirini na siwezi kutulia.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji alikuja na kipande cha boksi jeupe, akakitandaza chini ya injini. Ikanguruma saa nzima. Boksi likatoka jeupe vilevile! Akanipa mkono, shingo upande. Mke wangu akatabasamu akapanda mbele. Tukatoka uani na nikataka kulia.

Kwenye kona ya kwanza, trafiki. Akaomba kadi ya gari. Nikafungua dashibodi. Tupu. Nikakumbuka karai. Kisha nikakumbuka ile karatasi nzuri ajabu.

Nikamweleza afande kwamba kadi ipo, ila imo ndani ya injini. Akauliza kama namwona mtoto mdogo. Gari halitoki hapo, akasema, mpaka aione kwa macho yake. Shemeji akapigiwa simu, akaja mbio na spana, uso unang'aa. Tukafungua kava palepale barabarani. Kadi ikatoka vipandevipande, inachuruzika oili, lakini namba ilisomeka, na nusu ya jina la baba ilizunguka tundu la boliti. Afande alicheka mpaka akavua kofia. Akatuachia.

Bila gasketi injini haiwashwi, kwa hiyo tumerudi kwa kamba, tukivutwa na Shemeji. Mke wangu alipanda gari la kaka yake. Nilimkumbusha kwamba sharti lilikuwa kutoka, kurudi hakukutajwa. Akapandisha kioo.

Jumapili, 9 Juni
Nimepewa nafasi ya mwisho, mpaka saa kumi leo jioni. Shemeji kajitolea kuniletea gasketi ya dukani, bure. Nimekataa! Injini ilikuwa kavu, afande ni shahidi. Kazi yangu haikuwa na kosa, kosa ni la karatasi.

Safari hii nimechagua kwa uangalifu, kitu kisichohusiana na gari kabisa. Nimekipata kabatini, kwenye bahasha ya buluu: kigumu, kipana, kina mhuri na majina yetu sisi wawili. Nimeshakikata. Injini inanguruma, chini pakavu, na mke wangu anavaa viatu tutoke.

Hakuna trafiki atakayeuliza cheti cha ndoa.