Wiki Niliyoitoa Hasira Yangu Yote

Jumatatu, 4 Agosti

Nathalie ameondoka. Jana, misa ikiendelea. Kosa langu eti ni kusimama katikati ya mahubiri. Lakini ningekaaje? Venuste, katekista Mrundi wa kambi yetu ya wakimbizi, mtu mwenye sauti ya uji vuguvugu, alikuwa anawaambia waumini kwamba hasira iachwe ipoe yenyewe. Uongo! Hasira ni usaha. Jipu halibembelezwi, hutumbuliwa. Nikasimama, nikaeleza. Nikaeleza kwa kirefu. Nikiwa bado kwenye utangulizi, mke wangu akatoka kwa mlango wa nyuma na kupanda gari la mjini Mbarara, kwenda mtaa wa Kakoba, kwa dada yake Pélagie.

Ujumbe kauacha kwa jirani yetu Marcienne. Atarudi Jumamosi. Akisikia sijagombana na mtu, anabaki. Akisikia nimegombana, anachukua cherehani yake na kuhamia Kakoba moja kwa moja. Ndoa nzima kuning'inia kwenye cherehani!

Sawa. Kutogombana ni sayansi tu. Hasira itolewe asubuhi, kabla haijakutana na watu. Nimejaza gunia maganda ya mahindi, nimelitundika kwenye mkaratusi, nimeazima mchi. Kesho naanza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimelitwanga gunia mpaka jasho. Safi sana! Nikaenda bombani nikiwa mwepesi kama unyoya.

Bombani, Marcienne alikuwa ameweka bidoni lake la maji mbele ya langu. Hatukugombana. Tulijadiliana. Bidoni lake likabiringika hadi barabarani, muda mfupi baada ya mguu wangu kulikaribia. Akauliza mbele ya wote kama lile gunia ndilo limenifundisha kupiga bidoni. Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Nilimsihi asimwambie Nathalie. Alisema atafikiria. Mwanamke hatari.

Jioni nikalirudia gunia. Venuste akapita na Biblia kwapani, akasimama kutazama. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo hasira waitoa, ama waifanyisha mazoezi?" Akaenda zake kabla sijapata jibu. Jibu nimelipata sasa hivi, zuri mno, lakini keshalala. Nimelipiga gunia kwa heshima yake.

Jumatano, 6 Agosti

Gunia limepasuka. Mbuzi wa Marcienne wamekula maganda yote. Si kitu! Nadharia ilikuwa sahihi, gunia ndilo lilikuwa dhaifu.

Nimekumbuka mambo niliyokuwa nikifundisha Uvira, kule Kongo, kabla ya kukimbia vita. Wagiriki wa kale hawakupiga magunia. Waliketisha mji mzima mbele ya jukwaa, wakawaonyesha mtu mkubwa akianguka. Watu wakajaa woga, wakajaa huruma, wakalia, vyote viwili vikatoka, wakarudi nyumbani wepesi. Wakaliita jambo hilo katarsi. Basi Nathalie aione tanzia! Alie! Kinyongo chake kitoke kwa machozi, na cherehani ibaki ilipo.

Nimeandika tanzia nzima kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu mkubwa anaachwa na mke asiyeelewa ukubwa. Anaanguka, anakufa. Mke ana neno moja tu: "Nimekosa." Mwalimu ni mimi. Nani mwingine?

Shida moja. Wagiriki walikuwa na kwaya, na kwaya ya hapa Kashojwa iko mikononi mwa Venuste. Nimekwenda kuiomba nikiwa nimejiandaa kwa ubishi mrefu. Akakubali kabla sijaketi! Sijawahi kutukanwa hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Nafasi ya mke nimempa Marcienne, kwa sababu hakuna msiba hapa unaoanza bila kilio chake, na kwa sababu ya suala la bidoni. Papo hapo akaanza madai. Mwanamke gani, akauliza, anakaa ndani ya mchezo mzima kama kigoda halafu anasema neno moja? Nilimweleza kanuni za tanzia. Akasema kanuni hizo zimetungwa na mtu anayejipikia. Kwaya ikacheka, sauti zote nne kwa pamoja.

Nilipaza sauti kidogo. Tena nje tu. Wanaodai nilisikika mpaka Base Camp, makao makuu ya kambi, wanatia chumvi.

Nimemruhusu aongeze kidogo mwishoni. Kidogo!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda Kakoba kumwalika Nathalie. Mlangoni nikamkuta Yonatani, mume wa Pélagie, sajini wa kambi ya jeshi ya Makenke, shingo kama kisiki. Nikamweleza habari za katarsi tangu mwanzo. Akanikata: "Mzee, wewe punguza sauti kwanza. Hapa si mkutano." Nikapunguza. Nikamweleza habari za gunia. Akacheka. Akasema wao jeshini hupiga gunia kila asubuhi, na afande hajawahi kuwaambia ni kwa ajili ya upole.

Nilimjibu kwamba jeshi si mfano wa kisayansi. Nilimjibu nikiwa tayari barabarani, maana alikuwa ameanza kunyanyuka.

Pélagie akapiga kelele kutoka jikoni kwamba shemeji yake amekuja kuhubiria bodaboda. Nathalie alinitazama dirishani, sindano mdomoni. Akasema atakuja. Akija kwa ajili yangu au kwa ajili ya mashini yake ya kushonea, ataona hukohuko.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi! Ushindi wenye kasoro.

Uwanja ulijaa. Warundi upande huu, Wakongo upande ule, Nathalie benchi la mbele. Nilinguruma kurasa zote. Nikaanguka vizuri, vumbi likatimka. Nikalala maiti, jicho moja wazi kidogo kwa utafiti.

Marcienne alitakiwa kusema "Nimekosa." Hakusema. Alipiga magoti akalia kile kilio cha hapa, cha siku simu inapoita kutoka nyumbani na kukwambia mama amekwisha kuzikwa. Uwanja ukaganda. Mwanamke mmoja akaitikia nyuma, kisha mwingine, kisha wanaume, kofia mikononi. Hawakumlilia mwalimu wangu. Kila mmoja pale alikuwa na maiti wake ambaye hakumzika. Venuste alilia. Mimi pia, na maiti haruhusiwi.

Kisha Marcienne akasimama, akautazama mwili wangu, akaongeza kile kidogo chake. Akasema, "Na sasa, walau leo, acha na mimi niseme." Akasema. Kwa muda mrefu! Nami nililala pale, mdomo wangu ukiwa umefungwa na maandishi yangu mwenyewe. Nathalie alilia kuliko wote.

Watu wakaondoka wakipeana mikono. Nathalie akanijia, macho mekundu, uso umetulia kama maji ya ziwa asubuhi. Nikafungua mikono.

Akasema: "Mwalimu, nimelia mpaka nimemaliza. Miaka yote nilibaki kwako juu ya mambo mbili. Nilikuwa naogopa kinywa yako. Na nilikuwa nakuonea huruma, juu hakuna mwingine mwenye angekusikiliza. Leo natafuta woga, siuone. Natafuta huruma, nayo haiko. Asante kwa teatre. Sasa shika huko, unisaidie kubeba mashini."

Nikashika. Upande wa pili alishika Venuste. Alishika kwa upole, jeuri yule.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba kimya. Pale ilipokuwa cherehani pamebaki mraba safi sakafuni.

Lakini tutazame ushahidi bila machozi. Woga ulitoka. Huruma ilitoka. Vyote viwili, siku moja, kwa mtu mmoja, kama Wagiriki walivyosema! Nathalie ni uthibitisho unaotembea, hata kama umetembea kwenda Kakoba. Venuste ana ushahidi gani? Uji!

Asubuhi hii bombani walipigana tena, Warundi na Wakongo, kwa bidoni. Wapumbavu watasema tanzia haikufanya kazi. Mimi nasema dozi ilikuwa ndogo.

Na kama tanzia moja imeondoa huruma, tanzia kali zaidi itairudisha. Hesabu rahisi. Nimeanza kuiandika: mwalimu anakufa peke yake, ugali umepoa. Itachezwa Kakoba, mbele ya mlango wa Pélagie, kwa kipaza sauti. Yonatani akitaka kunyanyuka, anyanyuke! Safari hii mwalimu amekwisha kufa pazia likifunguka, na maiti nitaigiza mimi.

Marcienne anasema maiti haongei. Nimemwambia hilo ndilo kosa la tanzia zote zilizotangulia, na mimi nimekuja kulirekebisha.