Mkamwana na Baba Mkwe Ndani ya Tangi

Jumatatu, 10 Juni 1974, Tukuyu

Dada Elina, siku ulipoondoka kwenda chuoni uliniagiza niandike habari zote za samaki, kisha nikutumie daftari zima. Naahidi sitaficha kitu. Hata aibu nitaiandika, kwa mwandiko mzuri.

Tangi limekamilika! Fundi Ackson ameunganisha vioo kwa puti, na chini ameweka bati. Vioo vyenyewe ni vile vilivyokusudiwa dirisha la jikoni. Upepo unaingia, na Mama anasonga ugali akiwa amejitanda khanga mbili. Baba amesema samaki wakifa, vioo vinakwenda dirishani siku hiyo hiyo. Alisema hivyo akinitazama mimi, si samaki.

Wako wawili tu, wale perege uliowachota kwa kikapu katika bwawa la Babu, asubuhi tuliyohama Lupepo. Mkubwa nimemwita Baba Mkwe. Mdogo ni Mkamwana. Nikiweka sikio kwenye kioo nasikia kijito chetu. Mama anasema nijitenge na kioo, nakichafua.

Jumatano, 12 Juni

Jambo la ajabu! Mkamwana amejificha nyuma ya jiwe. Baba Mkwe akipita, yeye anazidi kujibana. Hamtazami. Hali chakula mbele yake. Mapezi ameyakunja mwilini kama mtu aliyejitanda vizuri. Hakuna aliyemfundisha kwamba kwetu mkamwana haonani na baba mkwe!

Nikamwita Bibi. Akavuta kigoda, akatazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Gwe Tupokigwe, huyu amelelewa." Akasimulia alipokuwa ameolewa karibuni. Baba mkwe wake alikohoa njiani, naye akajitosa migombani na mtungi wa maji kichwani. Akatoka ameloa mpaka kiunoni, mtungi mtupu, lakini hakuonana naye. Mzee alimsifu kwa kijiji kizima.

Nilikumbuka mchezo wetu, Dada. Wewe unakohoa kizee pale njia ya kisimani, mimi naruka migombani. Halafu zile harufu za majani yaliyolowa. Hapa mjini mtu akikohoa hakuna anayeruka.

Nimebuni mpango. Nimesimamisha jani la mgomba katikati ya tangi ili Mkamwana asitaabike kujificha. Kisha nimewafanyia karamu ya harusi: ugali, maharage, na kipande cha andazi. Vyote nimevitia majini. Karamu haipimwi!

Ijumaa, 14 Juni

Siku mbaya. Nilikaribisha wasichana wa darasa la sita waje waone samaki wenye adabu. Walikuja wote, hata Sauda, binti wa Mzee Abbasi wa dukani. Anaketi mbele yangu darasani na kila mtihani ananipita kidogo.

Maji yalikuwa meupe. Jani lilikuwa limeanza kuteleza. Sauda akaziba pua, akauliza kama samaki wangu ni wagonjwa au wanakunywa uji. Wote wakacheka. Nikaeleza heshima ya mkamwana kwa utulivu, kama Mwalimu anavyoeleza. Sauda akainama. Akasema samaki huyo anajikuna. Kweli, Mkamwana alikuwa anajisugua kwenye jiwe. Nikamwambia hayo ni mambo ya Kinyakyusa, yeye hawezi kuyaelewa.

Akanijibu mbele ya watu, "Hata kwetu mkwe ana heshima, mwenzangu. Lakini hajikuni ukutani!"

Sitamsemesha tena maisha yangu yote.

Jumapili, 16 Juni

Nimemsemesha Sauda. Ilibidi. Mkamwana alikuwa amelala ubavu asubuhi, anapumua upesi upesi, na mkiani ana vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Niliogopa sana, Dada. Nilimwona Baba akipima dirisha la jikoni kwa kamba.

Sauda ndiye aliyekwenda kumwita Mwalimu Hezron, anayesimamia bwawa la samaki la shule. Mwalimu alikuja na gamba la udongo kwenye viatu. Akasema samaki anayejificha, asiyekula, anayekunja mapezi na kujikuna, huyo anaumwa, na vidoa ndivyo vinavyothibitisha. Tangi ni jipya, maji yamechafuka kwa chakula, na baridi ya mwezi huu imemmaliza nguvu. Tena jani litoke leo!

Dawa yake: nipunguze maji machafu kidogo kidogo kila siku na kuongeza masafi yaliyolala ndani ya nyumba. Chakula kiwe kidogo sana. Kisha samaki waogeshwe maji yenye chumvi kidogo. Akakazia: samaki wote wawili, kwa sababu maji yao ni mamoja na ugonjwa wao ni mmoja. Nikasema ndiyo Mwalimu.

Sauda alileta chumvi kutoka dukani kwao. Hakunicheka. Hilo limenichoma zaidi.

Jumanne, 18 Juni

Nimemwogesha Mkamwana katika beseni la Mama. Bibi akaja, akaona tangi lina samaki mmoja. Akashika kichwa. Akauliza kama bibi harusi amerudishwa kwao, na ng'ombe wa mahari watarudishwa na nani! Nikamweleza ni matibabu tu, atarudi kwa mumewe. Bibi akauliza mume yuko wapi. Sikuwa nimefikiria hilo.

Baba Mkwe sikumwogesha. Dada, ningewezaje? Mkamwana na baba mkwe ndani ya beseni moja, tena wakioga! Bibi angehama nyumba. Na yeye alionekana mzima, anakula kwa hamu. Mwalimu Hezron anajua samaki, lakini mambo ya ukoo hakuyafikiria vizuri.

Jumatano, 26 Juni

Amepona! Vidoa vimetoweka, mapezi yamefunguka, anazunguka tangi kama mtoto aliyeruhusiwa kucheza. Maji ni masafi. Sauda amekuja kumwona, na tumekula andazi, safari hii bila kuwagawia samaki.

Jioni Baba aliketi mbele ya tangi akiwa bado na koti la kazini. Kisha akasema alipita Lupepo juzi, na bwawa la Babu limekauka, wamepanda magimbi. Akasema hawa wawili ndio waliobaki. Halafu akaenda jikoni, akapigilia gunia kwenye dirisha kwa misumari. Hakusema lolote kuhusu vioo.

Na sasa jambo zuri kuliko yote. Baba Mkwe naye ameanza kujificha! Tangu jana yuko nyuma ya jiwe, amekunja mapezi, hali. Mkamwana akipita, yeye anajibana. Bibi amefurahi: mzee mwenye busara naye humpisha mkwe wake njia. Sauda amenung'unika kitu kuhusu chumvi, lakini yeye huwaza mambo ya dukani kwao tu. Tena Baba Mkwe ametoka vidoa vidogo vyeupe kichwani. Nimevichunguza kwa makini kama tulivyofundishwa. Vya Mkamwana vilikuwa mkiani, huo ulikuwa ugonjwa. Hivi viko kichwani. Ni mvi!

Dada Elina, nijibu kwa posta ya kwanza: sasa kwa kuwa ameota mvi, niendelee kumwita Baba Mkwe, au heshima inataka nimwite Babu?