Mashine ya Damu Isiyokosea Hata Nukta

Mheshimiwa aliyetuma udhuru, msaidizi wake ambaye pia ametuma udhuru, Mchungaji Musyimi, chifu, akina mama wa kwaya, stakeholders wote, na wewe Nduku, mama mtarajiwa uliyeketishwa hapa mbele kwa heshima ya kuwa mgonjwa wetu wa kwanza, mwi aseo, hamjambo? ("Twi aseo, hatujambo!")

Mimi, Mratibu Mkuu wa Vipimo vya Damu vya Kando ya Kitanda, ambaye cheo changu hakitoshei kwenye kadi moja, nasimama katika zahanati hii ya Kwa Nthiwa nikitangaza kwamba kuanzia leo, Matiliku mpaka Nunguni, hakuna damu ya mama itakayosafirishwa kwa chupa mpaka mjini, kwa sababu ni kudunga kidole, tone moja, na majibu kabla hujasema amina! (Vigelegele. Muuguzi Yvonne anainua mkono: "Mheshimiwa Mratibu, mashine ikisema kiwango cha damu ni saba na maabara iseme kumi, niamini ipi? Nduku ajifungulie hapa, ama nimkimbize hospitali kubwa?")

Swali tamu, dada! Ndiyo maana tulifanya benchmarking ya accuracy, yaani kulinganisha usahihi, kule Kabati, mashine upande huu, maabara upande ule, na zikakubaliana asilimia mia moja, jambo ambalo hata wazungu wanalitafuta kwa maombi. (Shangwe. Mama Wayua wa kwaya: "Basi mpime! Macho yake meupe kama unga, na uchungu umeanza!")

Tutapima, mwaitu, mama yangu, lakini hata uchungu una itifaki yake. (Kicheko. Mama Wayua anaelekea mezani, palipo na kitu kilichofunikwa kwa kitambaa.) Tafadhali usifunue hicho kitambaa, Mchungaji ameombea kilicho chini yake nusu saa nzima... (Kitambaa kinafunuliwa. Ni kreti ya soda. Mchungaji anatazama dari.)

Sasa, wapendwa, hizo ni soda zangu za baada ya hotuba, na hakuna soda zilizobarikiwa hivyo katika hii kaunti! Mashine yenyewe iko kwenye pilot phase, yaani kwenye mipango, na maabara ya Kabati nayo iko kwenye mipango, kwa hivyo tulipozilinganisha, hii haikutoa jibu na ile haikutoa jibu, sasa nionyesheni tofauti iko wapi! (Watu wanashikana mbavu. Yvonne hacheki, yeye na akina mama wanamwinua Nduku.)

Akina mama, mnampeleka wapi? Hilo ni gari langu! Mugo, wewe ni dereva wa nani? ("Leo wa Nduku, mheshimiwa!" Injini inawaka.)

Haya, basi, tone moja! ("Majibu papo hapo!") Afya kitandani! ("Oyee!") Nawashukuru kwa uvumilivu wenu, namshukuru Mungu kwa uhai, na wewe Mugo, kimbia lakini chunga mashimo, umebeba watu wawili, na hilo gari unaloendesha ndilo mradi wote tulionao.