Msumari Usio na Picha

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Simu yangu imenishtaki. Nimeifungua kuangalia saa tu, ikaniandikia kwamba wiki iliyopita nilikaa Facebook saa arobaini na tatu. Arobaini na tatu! Nilipokuwa karani wa kiwanda cha kahawa sikuwahi kufanya kazi saa hizo, na pale nilikuwa nalipwa.

Lakini si upuuzi ninaoangalia. Ni kile kikundi cha picha za Nyeri ya zamani. Leo mtu ameweka stendi ya mabasi ya mwaka wa themanini na tano. Nyuma kabisa kuna mwanamke mwenye kiondo, mgongo tu unaonekana. Nimeikuza picha mpaka ikawa madoadoa. Ni mgongo wa mama yangu kabisa. Au wa mtu mwingine.

Phyllis, mke wangu, akauliza nalia nini tena asubuhi yote hii. Akasema kwa saa hizo mwanamume mwingine wa hapa Skuta angekuwa ashapata digrii. Alikuwa ananisema. Mimi nimeuchukua kama ushauri.

Jumanne, 8 Aprili

Mambo yamechacha. Dada yangu Wangui, meneja wa hoteli kule Nanyuki, amepiga simu. Ati Jumamosi ya Pasaka analeta fundi wa rangi Kiganjo kwa mama, sebule ipakwe upya. Na ati msumari wangu ung'olewe, tundu lizibwe, maana unachekesha wageni.

Msumari wangu! Ukutani kwa mama kuna picha za joho. Kushoto ni kaka yetu Dedan. Kulia ni Wangui mara mbili, kwa sababu digrii moja haikumtosha. Katikati ni msumari mtupu. Mama aliupiga mwaka wa themanini na nane kwa mgongo wa panga, jioni ileile barua yangu ya chuo kikuu ilipofika. Nakumbuka leso yake ilinuka moshi na maziwa. Majirani walikunywa uji wakaniita profesa. Mimi nikaahirisha mwaka mmoja tu, nifuge sungura wa kuuzia mahoteli ya Nanyuki. Sungura walikufa wote. Mwaka ule mmoja sasa umefika thelathini na saba.

Kila Krismasi watu humletea mama kalenda, na kila Krismasi anakataa itundikwe pale. Husema mahali pale pana mwenyewe.

Basi mwenyewe amekuja. Kuna vyuo vikuu vinafundisha bure mtandaoni. Nitapata cheti, nivae joho, nipigwe picha. Siku kumi na moja. Facebook kwaheri!

Alhamisi, 10 Aprili

Nimechagua kozi ya udongo. Udongo nimeukanyaga miaka hamsini na sita, utanishinda nini?

Tatizo likawa simu yangu. Imejaa. Picha elfu sita za Nyeri ya zamani. Nikajaribu kufuta moja, ya kinyozi asiyejulikana, nikashindwa. Nikaenda Kiganjo kuazima simu ya mama, ile kubwa aliyonunuliwa na Wangui, ambayo yeye hutumia kusikiliza kwaya. Ikaniuliza maswali mengi ya kuchosha kuhusu jina na nini. Nikabonyeza Endelea, Endelea, Endelea.

Mwalimu ni mzungu mwenye ndevu, lakini sauti imegeuzwa Kiswahili, tena Kiswahili safi kuliko changu. Baada ya dakika kumi nikagundua siri kubwa: somo linahesabiwa limekwisha, uangalie usiangalie! Nikaiegemeza simu kwenye bakuli la mama, aliyekuwa anachambua maharagwe, nikaenda zangu bandani kwa ng'ombe na simu yangu. Saa mbili za Facebook na masomo manne yamekwisha. Nani aliyesema mimi ni mjinga?

Mama aliuliza huyo mgeni ni nani. Nikamwambia ni redio.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kiganjo ikinyesha hunuka vilevile kama nilipokuwa mdogo, majani ya ng'ombe na mabati. Nilikaa bandani nikawaza hayo, kisha nikaangalia kikundini kama kuna mtu ameweka picha ya Kiganjo ya zamani. Hakuna.

Masomo kumi na tisa yamekwisha. Sijui hata moja. Mama amenigombeza kwa kuichukua simu mwalimu akiwa katikati ya neno. Tena nimekuta amehamisha lundo la samadi kutoka kule mteremkoni. Ati mwalimu amesema inaoshwa na mvua. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumatano, 16 Aprili

Mtihani. Alama sabini ndiyo kupita, na unajaribu mara tatu tu. Mara ya kwanza nikapata thelathini na tano. Mara ya pili nikafumba macho na kubonyeza jibu la pili kote. Thelathini. Jasho! Nikauona msumari ule ukitolewa na koleo la fundi, na mama akiangalia.

Ikabaki mara moja. Nikajikalisha karibu na mama na maharagwe yake, nikamuuliza maswali kana kwamba napiga soga. Udongo mchachu unaujuaje bila kipimo? Akasema kwa gugu linaloota hapo, hata mtoto anajua. Kwa nini usiache shamba uchi wakati wa jua? Akanieleza yake, kisha akaongeza ya mwalimu, kisha akasema mahali gani mwalimu amekosea. Huyu ni mama aliyeacha shule darasa la tatu akachume kahawa. Mimi nabonyeza tu.

Tisini na mbili!

Nikaruka, nikapiga kichwa kwenye mlango. Cheti kikaja hapo hapo, chenye nembo na sahihi. Nikaona Muriithi, jina la baba yangu, machozi yakanitoka. Kisha nikaona jina lililotangulia. Si langu, Gicheru. Ni Kagure. Kagure Muriithi. Mama yangu.

Endelea, Endelea, Endelea. Pumbavu mimi.

Alhamisi, 17 Aprili

Usikate tamaa, Gicheru. Aliyehitimu kwenye picha hushika cheti kimekunjwa na kufungwa utepe. Nani hukikunjua?

Nimekichapisha mjini, nikakikunja, nikaenda studio ya mzee Muchiri. Bado ana lile pazia lenye ndege iliyochorwa. Mwaka wa themanini na saba nilipigwa picha hapo nikijifanya napanda ngazi zake. Nilikuwa na nywele nyingi! Joho lake la kuazimisha ni moja kwa watu wote, linanifika magotini. Muchiri akaniuliza nimesomea nini. Nikasema udongo. Akaniuliza swali moja kuhusu viazi vyake, nikamwambia tufanye haraka, mvua inakuja.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilifika na picha kwenye fremu na cheti kwapani. Wangui alikuwa ashafika, na fundi amesimama na koleo. Nikamwambia asimame hapo hapo. Wangui akaitazama picha, akanitazama mimi, akanyoosha mkono akavuta utepe. Bila hata kuniomba.

Akasoma kwa sauti. Kagure Muriithi, alama tisini na mbili. Akasoma tena. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nikaeleza yote, bandani na kila kitu.

Mama alikichukua kile cheti akakishika muda mrefu, kidole juu ya jina lake. Nikangoja anifukuze. Ananiitaga baba, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la baba yake.

"Baba," akasema, "hii msumari niliipiga na mkono yangu. Kumbe nilikuwa najipigia."

Tulimpeleka kwa Muchiri mchana huohuo. Joho lilimfika chini kabisa, kama lilishonwa kwa ajili yake. Alikataa kucheka, akasema wasomi hawacheki. Muchiri akamuuliza kuhusu viazi, na mama akamjibu robo saa nzima. Jioni picha ikatundikwa katikati. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nililia, na Wangui akanishika bega.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mama amepiga msumari mwingine chini ya ule, kwa panga lilelile, kwenye rangi mpya. Ati pana mwenyewe. Nikamuapia naanza kozi kesho, nisikilize mwenyewe kwa masikio yangu.

Picha yake nimeiweka kwenye kile kikundi. Watu elfu mbili wameipenda. Nimesoma maoni yote, mengine mara mbili. Simu inasema saa tisa kwa siku moja, lakini simu haijui hii ilikuwa kazi. Mmoja ameandika kwamba yule mwanamke wa stendi ni shangazi yake. Nimembloku.

Mwingine ni jamaa wa Karatina, mtu wa maana sana. Anafuga sungura. Anasema mahoteli ya Nanyuki yanawatafuta kama dhahabu. Nimemwambia aniwekee ishirini, na kozi nimeiahirisha kidogo. Mwaka mmoja tu.