Nirudishieni Chunjua Zangu

Miyuji, Dodoma
11 Machi 1996

Ndugu Daktari Gaudence,
Zahanati ya Nuru, Kizota.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUPONYWA

Poleni na kazi. Mimi ni Halfani, karani wa masijala, yule mliyemchoma chunjua kumi na moja za mkono wa kulia kwa mashine yenu ya mwanga. Mliponivalisha miwani nyeusi nilidhani nimekosea mlango, nimeingia kwa jirani yenu mchomelea mageti. Safari tatu tu, mkono ukawa laini kama wa mtoto. Hasara niliyopata tangu hapo ni hii:

1. Kwenye shughuli, kwa miaka minne nilitengewa sahani yangu peke yangu, pilau na nyama zake, maana hakuna aliyetaka kula na mkono ule. Sasa nimerudishwa kwenye sinia, pamoja na Iddy dereva. Nikimaliza bismillahi, nyama zimekwisha.

2. Wenye mafaili yaliyopotea walikuwa wakinipungia kwa mbali. Siku hizi wananishika mkono na hawauachii mpaka niseme faili liko wapi. Nitasemaje nisichokijua?

3. Zamani nilijibiwa dawa hakuna, rudi mwezi ujao, nami nikaishi kwa amani. Tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua zahanati, mtu anaponywa kabla hajajiandaa.

4. Hili ndilo kubwa. Mzee Hamidu wa Kondoa, baba yake Mwanaidi, aliapa kwamba mkono ule hataushika, na bila baba kuushika mkono wa bwana harusi mbele ya shehe, ndoa haifungwi. Kwa miaka miwili nikawa mchumba wa kudumu: naalikwa, nalishwa, siulizwi kama nimeshanunua kitanda cha harusi. Juzi mzee kaukagua mkono juu na chini kama anayenunua mbuzi, kisha katangaza ndoa Ijumaa ya wiki ijayo.

Kwa hiyo naomba mnirudishie chunjua zangu zote. Kama mmeshazitupa, hata nne zitatosha, mradi zikae panapoonekana.

Wasalimie wauguzi wote, hasa dada Brightness, na yule mchomelea mageti.

Mimi niliyeponywa bila huruma,
Halfani Issa

N.B. Nikiwa natia sahihi nimeona kijipele kwenye kidole gumba. Ni chunjua, naijua. Daktari, nakusihi, kesho mkifungua mtanikuta mlangoni, na umeme ukikatika nitasubiri hapo hapo mpaka urudi. Mwanaidi amekataa wachumba wawili kwa ajili yangu, naye hakuwahi kuuogopa mkono huu hata siku moja. Barua ichaneni. Kidole naomba mkiangalie kwanza.